Kichwa cha Ukoo na Kichwa cha Ugonjwa

Lugha yetu ni tajiri katika kutaja viungo vya mwili, lakini mara nyingine hutumia jina moja kwa mambo mawili yaliyo mbalimbali, na hapo ndipo watu hupotea. Mfano mmoja ni maneno haya: "kichwa kikubwa". Sehemu za kichwa chenyewe twazipambanua vema: kuna paji la uso, panja, utosi, kisogo, fuvu, na ubongo uliomo ndani yake. Lakini tukifika kwenye ukubwa wake, maneno yanatupungukia. Mtoto aliyezaliwa na kichwa kipana kama cha baba yake, naye ni mzima wa afya, twasema ana kichwa kikubwa. Mtoto mwingine ambaye maji yamejaa ndani ya ubongo wake hata fuvu likatanuka, naye twasema ana kichwa kikubwa. Katika Tanzania maneno "vichwa vikubwa na mgongo wazi" yamekwisha kuwa jina la maradhi, litumikalo hospitalini na katika mazungumzo ya wazazi. Tena wenye mzaha huongeza "bichwa", na "kichwa maji" limekuwa tusi la kumwambia mtu asiye na busara.

Mchanganyiko huu si jambo dogo, kwa kuwa huleta madhara pande mbili. Upande mmoja, bibi humtazama mjukuu wake akasema, "Hicho ni kichwa cha babu yake, mwacheni mtoto wa watu". Kumbe ndani maji yazidi siku kwa siku, na mtoto hapelekwi kwa tabibu mpaka macho yamepoteza nuru. Upande wa pili, mawifi humwambia mama mchanga, "Katika ukoo wetu hatujaona kichwa kama hiki," na neno hilo moja latosha kuvunja nyumba, ingawa mtoto hana ugonjwa wo wote, na kichwa chake amekipata kwa baba yake mwenyewe. Kwa hiyo twataka kuwaeleza wasomaji wetu namna ukubwa wa kichwa unavyorithiwa katika jamaa, na namna ya kukitambua kichwa cha ukoo kisichanganywe na kichwa cha ugonjwa.

Kwanza yatupasa kujua kichwa kikubwa ni kipi, maana jicho ni shahidi asiyeaminika. Mtoto mwembamba huonekana ana kichwa kikubwa kwa sababu mwili wake umekonda, na mtoto mnene huonekana ana kichwa kidogo. Shahidi wa kweli ni utepe wa kupimia, uzungushwao juu ya nyusi kwa mbele na juu ya kisogo pale palipotokeza zaidi. Kati ya mwaka 1997 na 2003 Shirika la Afya la Ulimwengu lilisimamia upimaji wa watoto wenye afya njema katika nchi 6, nazo ni Brazili, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Na mwaka 2007 likatoa vipimo vya kichwa vilivyopatikana kwa watoto hao. Kwa vipimo hivyo, mtoto wa kiume wa kadiri ya katikati huzaliwa na kichwa cha sentimeta 34.5 kwa mzingo wake. Akitimiza mwaka mmoja hufika 46.1, akitimiza miaka miwili 48.3, na akitimiza miaka mitano 50.7. Watoto wa kike huwa pungufu kidogo.

Basi watabibu wamechora mstari wa juu, nao huhesabu kuwa kichwa kilichopita mstari huo ni kikubwa kupita kawaida. Kwa mvulana wa mwaka mmoja mstari huo uko kwenye sentimeta 48.6, na kwa msichana wa umri huo ni 47 na nusu hivi. Lakini msomaji na aangalie vema: mstari huu haukuchorwa kwa kuwatenga wagonjwa na wazima. Umechorwa kwa hesabu tu, hata katika watoto 100 walio wazima wawili hivi lazima wawe juu yake. Kuwa juu ya mstari ni sababu ya kuuliza, wala si hukumu.

Tena yafaa kufahamu kichwa hukuaje. Fuvu la mtoto mchanga si chungu kilichokwisha chomwa. Ni vipande vya mfupa vilivyopakana, na kati yake mna nafasi laini. Iliyo kubwa kupita zote ni ile ya utosini, ambayo mama huiona ikipiga mtoto anyonyapo. Nafasi hiyo kwa kawaida hufunga mtoto awapo na umri wa mwaka mmoja hata mwaka na nusu, na kwa wengine baadaye kidogo. Wakati huo wote fuvu halina amri yake lenyewe, bali hufuata kilichomo ndani. Ubongo ukikua, fuvu hutanuka. Maji yakizidi, fuvu hutanuka vilevile. Ndiyo sababu katika mwaka wa kwanza kichwa huongezeka kwa sentimeta 11 au 12, na katika mwaka wa pili kwa 2 tu na kitu. Hivyo mwaka wa kwanza ndio wakati wa kutazama kwa makini zaidi.

Sasa tuje kwenye urithi. Wazee wetu walisema maji hufuata mkondo, nao walisema kweli, ila mkondo wenyewe una vijito vingi. Ukubwa wa kichwa kwa watu wengi hautoki kwa mbegu moja ya urithi, bali kwa nyingi sana zifanyazo kazi pamoja, kila moja ikiongeza au kupunguza kidogo tu. Wataalamu huziita mbegu hizo jeni. Mwaka 2012 walitangaza baadhi ya zile zihusianazo na mzingo wa kichwa cha mtoto mchanga, na mojawapo, iitwayo HMGA2, ilikuwa imekwisha julikana kuwa yahusika pia na urefu wa kimo. Wala si ajabu, kwa maana kwa jumla watu warefu huwa na vichwa vikubwa kuliko wafupi. Hata mapacha hutoa ushahidi: wale wa yai moja hufanana vichwa kuliko mapacha wa mayai mawili, ingawa wote wamelala katika tumbo moja na kula chakula kimoja.

Kwa kuwa mbegu ni nyingi, mtoto hachukui kichwa cha baba kama achukuavyo mtu kofia msumarini. Hupokea nusu kwa baba na nusu kwa mama, nazo huchanganyika. Mwingereza Francis Galton mwaka 1886 alitangaza alichokiona katika kupima vimo vya wazazi na watoto wao: wazazi warefu sana huzaa watoto warefu, lakini kwa kawaida watoto hao hawafikii urefu wa wazazi, bali hurudi kidogo kuelekea katikati. Kanuni hiyo yahusu kichwa pia. Baba mwenye kichwa kikubwa mno aliyeoa mke mwenye kichwa cha kadiri aweza kuzaa watoto watano, wawili wakafuata upande wa baba, wawili wakawa wa kadiri, na mmoja akawa na kichwa kidogo. Na wote watano ni damu yake. Basi anayedai kwamba mtoto asiyefanana kichwa na baba yake si wake, hajui asemalo.

Pamoja na hayo ziko jamaa ambazo kichwa kikubwa hushuka toka kizazi hata kizazi kwa wazi, bila ugonjwa wo wote. Babu alihangaika kutafuta kofia sokoni asipate ya kumwenea mpaka ashonewe. Mwanawe vivyo hivyo. Na mjukuu naye avishwapo fulana, shingo ya nguo hukwama masikioni. Katika jamaa za namna hii yaonekana kana kwamba mzazi mmoja mwenye kichwa hicho atosha kumrithisha mtoto, na mara nyingi huwa ni baba. Watoto wao hukaa, hutambaa, husimama na kusema kwa wakati wake kama wenziwao. Hiki ndicho tuwezacho kukiita kwa haki "kichwa cha ukoo".

Watabibu wawili wa Marekani, Weaver na Christian, mwaka 1980 walionyesha njia nyepesi ya kukipima. Walisema kwamba haifai kumlinganisha mtoto na watoto wa nchi nzima tu, bali yafaa kumlinganisha pia na wazazi wake. Hupimwa kichwa cha baba na cha mama, huangaliwa kila mmoja yuko juu au chini ya katikati kwa kadiri gani, kisha hutwaliwa wastani wao. Kichwa cha mtoto kikiwa juu ya katikati kwa kadiri inayopatana na ya wazazi, urithi watosha kukieleza. Kikiwa mbali nao sana, yafaa kutafuta sababu nyingine. Hivyo utepe uleule uliompima mtoto na umzunguke baba yake. Ni kazi ya dakika moja, nayo yaweza kuondoa mashaka ya mwaka mzima.

Lakini hapa yatupasa kuonya. Watu wengi wakisikia neno "kurithi" hutulia, wakidhani kwamba kilichorithiwa hakidhuru. Sivyo. Kurithi kwatuambia kitu kimetoka wapi; hakutuambii kama ni chema au kibaya. Yako maradhi yapandayo pamoja na kichwa kikubwa, nayo hurithiwa kwa njia tatu mbalimbali.

Njia ya kwanza ni ile ambayo mbegu mbovu moja, kutoka kwa mzazi mmoja, yatosha kuleta maradhi. Katika njia hii kila mtoto, wa kiume au wa kike, ana nafasi moja katika mbili ya kuipokea. Mfano wake ni jeni iitwayo PTEN, iliyogunduliwa mwaka 1997. Kazi yake ni kuzuia chembe za mwili zisiongezeke kupita kiasi. Ikiharibika, kizuizi hulegea. Watu walioirithi ikiwa imeharibika karibu wote wana vichwa vikubwa, na matabibu huanza kuifikiria wakiona mwanamume mwenye mzingo wa sentimeta 60 au zaidi, au mwanamke wa 58 au zaidi, mwenye na dalili nyingine. Hatari yenyewe haiko kichwani. Watu hawa hupatwa zaidi kuliko wengine na saratani ya matiti, ya tezi la shingoni, na ya tumbo la uzazi. Basi jamaa ambayo vichwa vikubwa na saratani za namna hiyo vimefuatana kizazi baada ya kizazi, haifai kujivunia kichwa tu. Inapasa kumweleza tabibu habari zote mbili pamoja, ili wazima wapimwe mapema.

Njia ya pili ni ile ambayo yahitaji mbegu mbovu mbili, moja ya baba na moja ya mama. Wazazi wenyewe ni wazima, na vichwa vyao ni vya kadiri, kwa kuwa kila mmoja anayo mbegu njema ya kumlinda. Lakini wakikutana, kila mtoto wao ana nafasi moja katika nne ya kupata mbovu zote mbili. Hivi ndivyo ulivyo ugonjwa mmoja ambao mwili hushindwa kusaga sehemu fulani ya chakula cha protini, na asidi ya glutariki hujaa mwilini. Mtoto mara nyingi huwa na kichwa kikubwa tangu mwanzo, naye aonekana mzima. Kisha siku moja hupatwa na homa au kuhara, na katika siku chache ubongo hujeruhiwa, viungo vikakakamaa. Ugonjwa huu umejulikana sana kwa jamaa za Amish wa Pennsylvania, Marekani, waoanao wao kwa wao. Mwaka 1989 tabibu Holmes Morton alianzisha huko zahanati kwa ajili ya watoto wenye maradhi ya urithi. Huko watoto hupimwa wangali wachanga, hupewa chakula maalumu, na hutibiwa upesi kila wapatapo homa, na wengi wameokoka. Nasi twajua kwamba katika pwani yetu na katika Oman ndoa za mabinamu zimependwa tangu kale. Hatusemi kwamba ndoa hizo ni kosa. Twasema tu kwamba watu wa damu moja wana nafasi zaidi ya kuwa na mbegu iliyofichika ya namna moja, kwa hiyo historia ya watoto waliofariki katika ukoo isifichwe.

Njia ya tatu hupita kwa mama na kuwaangukia watoto wa kiume. Mwaka 1949 Bickers na Adams waliandika habari za jamaa moja ambayo watoto wa kiume walizaliwa na maji kichwani kwa sababu mfereji mwembamba wa ndani ya ubongo ulikuwa umebana. Na mwaka 1992 jeni yake, L1CAM, ikajulikana. Mama mwenye mbegu hiyo kwa kawaida haumwi, lakini kila mtoto wake wa kiume ana nafasi moja katika mbili ya kuugua. Wengi wao huzaliwa na vidole gumba vimekunjwa ndani ya kiganja. Mama wa namna hii asilaumiwe, maana hakuchagua mbegu zake kama vile mumewe asivyochagua zake.

Kuna na jambo lisilorithiwa kabisa, nalo ni umbo litokanalo na desturi. Wamangbetu wa kaskazini mashariki mwa Kongo zamani walikuwa wakivifunga vichwa vya watoto wachanga kwa kamba, hata fuvu likarefuka nyuma, wakahesabu kuwa ni uzuri na ukuu. Walifanya hivyo vizazi vingi, mpaka desturi ikaisha katikati ya karne ya 20. Lakini hakuna mtoto aliyezaliwa na kichwa kirefu kwa sababu mamaye alifungwa. Kila mmoja ilibidi afungwe upya. Hali kadhalika mkunga akikanda kichwa cha mtoto kwa mafuta ili kiwe mviringo, au asipokikanda, hageuzi urithi wake.

Basi turudi kwa mama aliye nyumbani na mtoto wake. Atajuaje? Kwanza, awatazame wazazi na babu na bibi wa pande zote mbili, wapimwe kwa utepe. Pili, amtazame mtoto mwenyewe: ananyonya, anacheka, anafuata kwa macho, anakaza shingo, anakaa kwa wakati wake? Tatu, na hili ndilo kubwa, atazame mwendo wa kichwa katika kadi ya kliniki, si mara moja bali mwezi kwa mwezi. Kichwa cha ukoo aghalabu huwa juu lakini huenda sambamba na mstari, kama mtu mrefu atembeaye katika njia yake. Kichwa cha maji hupanda na kuikata mistari mmoja baada ya mwingine. Hata hivyo kichwa cha ukoo nacho huweza kupanda kwa haraka katika miezi ya kwanza, kisha kikatulia; kwa hiyo kipandacho chote na kionwe na tabibu. Maadamu utosi haujafunga, tabibu huweza kuchungulia ndani kupitia hapo kwa mashine ya mawimbi ya sauti, bila kisu wala maumivu.

Ziko dalili zisizongoja mwezi ujao: utosi uliotuna na kukaza hata mtoto akiwa ameketishwa naye ametulia, mishipa ya kichwa iliyotokeza, macho yaliyoelekea chini kama jua litualo, weupe ukaonekana juu ya mboni, kutapika kila mara, usingizi mzito, au kilio kisichobembelezeka. Haya yakionekana, maneno ya "kichwa cha babu yake" yakome, na safari ya hospitali ianze siku hiyo hiyo. Katika hospitali ya watoto ya CURE iliyoko Mbale, Uganda, tabibu Benjamin Warf aliona kwamba zaidi ya nusu ya watoto walioletwa kwa sababu ya maji kichwani hawakuyarithi wala hawakuzaliwa nayo. Waliyapata baada ya kuambukizwa maradhi ya ubongo katika miezi ya kwanza ya maisha. Mtoto wa namna hiyo huenda alizaliwa na kichwa cha kadiri. Naye hutibiwa, ama kwa kutiwa mpira mwembamba wa kuyapeleka maji tumboni, ama kwa kufunguliwa njia nyingine ndani ya ubongo; lakini nuru ya macho na akili iliyokwisha haribika hairudishwi na mpasuaji ye yote.

Na kwa wale wenye kichwa cha ukoo, watu wazima na watoto, tuna neno moja la kuwatuliza. Ukubwa wa kichwa si kipimo cha akili wala cha ujinga. Ubongo wa Ivan Turgenev, mwandishi mashuhuri wa Urusi aliyefariki mwaka 1883, ulipopimwa ulikuwa na uzito wa gramu 2012. Na ule wa Anatole France, mwandishi wa Ufaransa aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1921, ulikuwa gramu 1017 hivi, yaani nusu yake. Wote wawili waliandika vitabu vinavyosomwa hata leo. Basi watoto shuleni wasiitane "bichwa", na mwalimu asilinyamazie neno hilo.

Kwa upande wa lugha, twaona ingefaa tuyatenge majina. Tuseme "kichwa cha ukoo" kwa kile kilichorithiwa na mwenyewe mzima, na "maji kichwani" kwa ule ugonjwa, wala maneno "kichwa kikubwa" yasitumike peke yake kana kwamba yameeleza jambo. Lakini hata majina mema hayatoshi pasipo maswali mawili, nayo yaulizwe yote pamoja: kichwa hiki kimetoka wapi, na kinakwendaje? Bibi ndiye ajuaye jibu la swali la kwanza, kwa maana aliwaona waliotangulia. Utepe na kadi ndivyo vijuavyo la pili. Asiyeuliza la kwanza humwonea mama. Asiyeuliza la pili humpoteza mtoto. Wazee walikwisha sema, mficha maradhi kifo humwumbua. Nasi twaongeza kwamba hata jina la ukoo laweza kuwa pazia la kuyafichia.